Kupima nguvu za kampuni: SWOT, VRIO, mnyororo wa thamani au jedwali la washindani?

Machi 2007 Safaricom ilizindua M-Pesa nchini Kenya. Mwaka uliofuata Vodacom ikaileta Tanzania. Agosti 2010 Vodacom ya Afrika Kusini nayo ikaizindua kwao, ikishirikiana na benki ya Nedbank. Jina lile lile, wazo lile lile, na nyuma ya zote tatu ukoo mmoja wa Vodafone, kampuni ya simu ya Uingereza. Ya Kenya ikageuka huduma inayoiingizia Safaricom zaidi ya theluthi moja ya mapato yake ya huduma. Ya Tanzania ikapata wateja wengi, lakini ikalazimika kugawana soko na Tigo na Airtel. Ya Afrika Kusini ikafungwa mwishoni mwa Juni 2016, wateja walioitumia kwa kweli wakiwa hawajafika hata laki moja.

Sasa jiweke mwaka 2009, mezani Johannesburg, ukiulizwa: bidhaa hii ina nguvu gani, na itasimama wapi mbele ya washindani? Ungeipima kwa kutumia nini? Makosa ya namna hii huwa hayatokani na uvivu. Watu hupima, tena kwa bidii, ila wanashika kipimo kilichokuwa karibu na mkono. Ndiyo maana vipimo vinne vinavyotumika sana nimevipitisha kwenye mfano huo mmoja wa M-Pesa, ili uone kila kimoja kingeona nini na kingepitwa na nini. Ninaowaandikia ni mwenye kampuni anayeandaa mpango wa miaka mitatu, mwanafunzi wa biashara aliyepewa kampuni aichambue, afisa mikopo, na yule anayefikiria kununua hisa DSE au NSE, yaani masoko ya hisa ya Dar es Salaam na Nairobi.

Vigezo kwanza

Kila kipimo nitakiuliza mambo matano yale yale. Kinajibu swali gani, maana vingi vinalaumiwa kwa kushindwa maswali ambayo havikuundwa kuyajibu. Kinataka taarifa gani kabla hujaanza. Kinakula muda na watu kiasi gani. Kinadanganya wapi. Na kinamfaa nani.

Nimeacha vitu viwili kwa makusudi. Uchambuzi wa nguvu tano ambao Michael Porter aliutoa mwaka 1979 ni mzuri, lakini unapima sekta nzima: kama biashara ya saruji inalipa au hailipi, kwa mfano. Haukwambii kiwanda chako kina nini ambacho cha jirani hakina. Uwiano wa kifedha nao, yaani faida kwa mauzo, deni kwa mtaji na kadhalika, unaonyesha matokeo ya nguvu bila kutaja chanzo chake. Utauhitaji hata hivyo, kama ushahidi ndani ya vipimo vyote vinne.

1. SWOT

*Swali.* Kwa jumla tumesimama wapi, ndani na nje? Visanduku vinne: nguvu, udhaifu, fursa, vitisho. Viwili vya kwanza ni vya ndani ya kampuni, viwili vya mwisho ni vya nje.

*Taarifa.* Kidogo sana, na hapo ndipo utamu na hatari vinapokaa pamoja. Ukiwa na watu wanaoijua kampuni na karatasi kubwa ukutani, unaanza.

*Muda na watu.* Nusu siku, watu sita hadi kumi kutoka idara tofauti. Angalizo moja: bosi akiwa chumbani, kisanduku cha udhaifu hubaki na mambo mepesi mepesi, kama uhaba wa magari na mtandao kuwa chini. Kusanya maoni kwa maandishi bila majina siku moja kabla ya kikao, utashangaa.

*M-Pesa ikipita hapa.* Nguvu: teknolojia iliyokwisha jaribiwa, mamilioni ya wateja Kenya, mgongo wa Vodafone. Udhaifu: huduma inategemea mawakala ambao si waajiriwa wa kampuni. Fursa: watu wasio na akaunti za benki. Vitisho: mabenki na wadhibiti. Yote ni kweli! Lakini hakuna mstari unaokwambia kwamba mawakala wa Nairobi hawasafiri kwenda Johannesburg. Kisanduku cha nguvu kimechanganya mambo unayoweza kuhama nayo na yale yanayobaki nyumbani, na SWOT yenyewe haina namna ya kuyatenganisha.

Kwa haki yake lakini, ndiyo pekee kati ya vipimo hivi yenye nafasi ya wazi kwa mambo kama tozo za miamala zilizoanza Tanzania Julai 2021. Tozo ile ilifika hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja, wateja wengi wakapunguza kutuma, na serikali ikaipunguza kwa asilimia 30 katika kipindi cha takriban miezi miwili. Ubora wa mtandao wa mawakala usingekukinga. Aliyekuwa na kisanduku cha vitisho kilichojazwa kwa uzito angalau alikuwa amejiuliza itakuwaje serikali ikigusa makato.

*Inapodanganya.* Kwenye maneno matupu. "Wafanyakazi wenye ujuzi", "uongozi thabiti", "nia njema ya wadau": nimesoma mipango mkakati ambayo ukibadilisha jina la taasisi kwenye jalada, hakuna sentensi ya ndani itakayokuwa ya uongo. Dawa yake ni ndogo. Kila mstari wa nguvu au udhaifu uambatane na tarakimu au tukio, na ujibu swali la "kuliko nani?" Mstari usioweza kujibu, ufute. Dawa ya pili ilitolewa na Heinz Weihrich mwaka 1982: usiishie kwenye orodha, zioanishe. Nguvu ipi inashika fursa ipi? Udhaifu upi ukikutana na kitisho kipi unatuua? Watu wengi huishia kwenye visanduku, wakapiga picha, wakaenda kunywa chai.

*Inamfaa nani.* Timu inayoanza, ambayo bado haijakubaliana hata tatizo ni nini. Pia taasisi ambayo mambo ya nje, kama sera, hali ya hewa au wafadhili, yanaitikisa kuliko washindani.

2. VRIO

*Swali.* Kati ya tulivyo navyo, ni kipi kinachotupa faida juu ya wenzetu, na itadumu? Mzizi wake ni kazi ya Jay Barney ya mwaka 1991 kuhusu rasilimali za kampuni. Unachukua kila rasilimali na kuiuliza maswali manne kwa mpangilio: ina thamani kwa mteja au inapunguza gharama? Ni adimu? Ni ngumu au ghali kuigwa? Kampuni imejipanga kuitumia? Ikikwama swali la kwanza, ni mzigo. Ikikwama la pili, uko sawa na wengine. Ikikwama la tatu, unafaidi kwa muda tu. Ikivuka matatu ikakwama la nne, una mali ambayo hujaila.

*Taarifa.* Orodha ya kweli ya rasilimali: mashine, leseni, mikataba, ujuzi, jina, data za wateja, mahusiano. Na lazima ujue washindani wana nini, la sivyo swali la uadimu utalijibu kwa kujipendelea.

*Muda na watu.* Watu watatu au wanne kwa siku chache. Wawemo mmoja wa mauzo na mmoja wa hesabu. VRIO inayofanywa na wahandisi peke yao huishia kusifu mashine.

*M-Pesa ikipita hapa.* Hiki ndicho kipimo ambacho ningekikabidhi kwa waliokaa Johannesburg, hivyo nitakaa hapa kidogo.

Anza na teknolojia. Ina thamani, ndiyo. Ni adimu? Mwaka 2007 ilikuwa, lakini Februari 2009 kampuni ya simu ya Zain ilikuwa na huduma yake ya pesa, Zap, na Tigo Pesa ikaja Tanzania mwaka 2010. Kutuma pesa kwa menyu ya simu kulionekana kuigika ndani ya miaka miwili. Teknolojia inaishia swali la pili au la tatu. Hicho ndicho kitu ambacho kingeweza kuhamishiwa Afrika Kusini, na kumbe ndicho kilichokuwa na nguvu ndogo zaidi.

Mtandao wa mawakala ni habari nyingine. Safaricom ilikuwa tayari na wauza vocha kila kona ya Kenya, na ikawageuza wengi wao kuwa mawakala. Mikataba iliwabana wasihudumie kampuni nyingine. Kwa mshindani, kujenga mtandao kama ule kulihitaji miaka na kamisheni kwa mawakala ambao mwanzoni hawana wateja. Adimu, ngumu kuigwa. Juu yake kuna wateja wenyewe: Safaricom ilikuwa na sehemu kubwa mno ya laini za simu Kenya, hivyo anayetaka kumtumia mama yake pesa alikuta mama naye yuko Safaricom. Thamani ya huduma inapanda kwa kila anayejiunga, na mshindani hawezi kuinunua kwa kushusha bei. Zap ilijinadi kwa bei nafuu. Haikutosha.

Afrika Kusini hakukuwa na kimoja kati ya hivyo viwili. Vodacom haikulitawala soko kwa kiasi kile, sheria ilitaka benki iwemo ndani, na watu wazima wengi tayari walikuwa na kadi ya benki mfukoni.

Swali la nne ndilo linalorukwa sana. Mashirika ya posta ya Kenya na Tanzania yalikuwa na ofisi hadi wilayani miongo mingi kabla ya 2007. Yalijua kutuma pesa, hawala za posta zilikuwepo, na serikali ilikuwa nyuma yao. Thamani ipo, uadimu upo, kuigwa si rahisi. Lakini taasisi haikuwa imepangwa kuhudumia Jumapili jioni dukani kwa jirani, na pesa ziliendelea kusafiri kwa madereva wa mabasi hadi kampuni za simu zikatokea.

*Inapodanganya.* VRIO ni picha ya siku moja, na wanaoitumia huisoma kama hati ya kudumu. Mwaka 2014 mamlaka ya ushindani ya Kenya ililazimisha mawakala wa M-Pesa wawe huru kuhudumia na kampuni nyingine. Mwaka 2018 pochi za simu, yaani akaunti za pesa kwenye simu, za kampuni tofauti zikaunganishwa. Kila hatua iliondoa kipande cha uadimu kwa kalamu ya mdhibiti. Tanzania ilitangulia: Tigo, Airtel na Zantel zilianza kuunganisha pochi zao mwaka 2014, Vodacom ikaingia mwaka 2016. Kwa hiyo andika tarehe juu ya jedwali lako la VRIO, na pembeni ya kila rasilimali andika ni nani anayeweza kuiondoa. Wapo pia wasomi wanaokilaumu kipimo hiki kwamba kinazunguka: rasilimali ni ya thamani kwa kuwa kampuni imefaulu, na kampuni imefaulu kwa kuwa ina rasilimali ya thamani. Lawama ina ukweli ukiwa unachambua kampuni iliyokwisha shinda.

*Inamfaa nani.* Anayetaka kwenda soko jipya, kununua kampuni nyingine, au kuamua wapi pa kuwekeza fedha zisizotosha kila mahali. Pia mnunuzi wa hisa anayejiuliza kama faida ya mwaka huu itakuwepo baada ya miaka mitano.

3. Mnyororo wa thamani

*Swali.* Ni katika hatua ipi ya kazi tunazalisha thamani, na ni ipi inayotula? Porter tena, mwaka 1985. Aligawa kazi za kampuni katika hatua tano kuu: kupokea malighafi, kuzalisha, kusafirisha bidhaa, kuuza, na kumhudumia mteja baada ya mauzo. Chini yake zipo nne za kuzibeba: uongozi na miundombinu ya kampuni, watumishi, teknolojia na ununuzi.

*Taarifa.* Hapa ndipo wengi wanapokwama. Unahitaji gharama kwa kila hatua, si jumla ya mwezi. Biashara ambayo pesa za duka na za nyumbani zinatoka droo moja haiwezi kufanya zoezi hili hadi itenganishe vitabu.

*Muda na watu.* Wiki kadhaa, na mhasibu mvumilivu. Kwa kampuni kubwa ni mradi kamili.

*Mfano.* Huduma ya simu inaingia kwa tabu kidogo, kwa hiyo nianze na mwenye mashine ya kukoboa na kusaga unga wa sembe Morogoro. Ni wa kubuni, lakini wa aina yake wapo wengi. Anaamini nguvu yake ni mashine mpya. Akitenganisha gharama anakuta kusaga kilo moja kunamgharimu karibu sawa na jirani mwenye mashine kuukuu. Tofauti yao inatoka kwenye hatua ya kwanza: yeye hununua mahindi ya Rukwa na Ruvuma baada ya mavuno, bei ikiwa chini, na ana ghala kavu la kuyatunza hadi Januari bei inapopanda. Jirani hununua wiki kwa wiki. Tofauti ya pili iko mwishoni, kwenye pumba, ambazo yeye ana mkataba wa kumuuzia mfugaji wa kuku na jirani anazitoa kwa bei ya kutupa. Mtu huyu alikuwa karibu kukopa anunue mashine ya pili. Baada ya zoezi anajua mkopo uende kwenye ghala.

Ukirudi M-Pesa, hatua inayobeba kila kitu ni floti, yaani salio la pesa za kwenye simu ambalo wakala hulitumia kuwahudumia wateja. Pesa hutoka mjini kwenda kijijini: mjini watu wanaweka, kijijini wanatoa. Wakala wa mjini anaishiwa floti na kubaki na noti, wa kijijini anaishiwa noti na kubaki na floti. Bila mtu wa kuwasawazisha, iwe wakala mkuu au tawi la benki lililo karibu, mteja anafika dirishani anaambiwa "hakuna", na akirudishwa mara mbili hatarudi. Kazi hiyo ya kusawazisha haionekani kwenye tangazo lolote, wala kwenye SWOT ya kikao cha nusu siku. Mnyororo wa thamani unailazimisha ionekane kwa sababu unamfuata mteja hatua kwa hatua. Ungewalazimisha pia watu wa Johannesburg kuuliza nani atasawazisha floti huko, na kwa gharama gani.

*Unapodanganya.* Ulibuniwa ukitazama viwanda, bidhaa ikitoka kushoto kwenda kulia. Thamani inayotokana na wingi wa watumiaji haina hatua ya kuikalia. Aidha unakuvuta kutazama gharama hadi unasahau kwamba mteja anaweza kuwa radhi kulipa zaidi. Safaricom haikuwa ya bei nafuu zaidi.

*Unamfaa nani.* Viwanda, usindikaji wa mazao, usafirishaji, hoteli: popote kazi inapopitia hatua zinazoonekana. Na kampuni inayouza vizuri ila faida haionekani inakokwenda.

4. Jedwali la washindani

*Swali.* Tukilinganishwa na fulani na fulani, tunazidi wapi na tunapungua wapi? Unachagua mambo yanayoamua ushindi katika soko lenu, unayapa uzito unaojumlika kuwa 1, kisha unampa kila mshindani alama 1 hadi 4 kwa kila jambo. Unazidisha, unajumlisha. Alama 2.5 ndiyo katikati.

*Taarifa.* Za washindani, na za wateja wao. Kampuni zilizoorodheshwa hutoa ripoti. Vodacom Tanzania, kwa mfano, iliorodheshwa DSE Agosti 2017 na tangu hapo hesabu zake ziko wazi. Kwa duka lililo mtaa wa pili hakuna ripoti. Tuma mtu akanunue, uliza madereva, uliza wasambazaji wanaowahudumia nyote.

*Muda na watu.* Siku mbili tatu za kukusanya, saa mbili za kujaza. Ni vizuri watu wawili wajaze bila kuonana, halafu wagombane juu ya tofauti. Ugomvi huo ndio wenye faida.

*M-Pesa ikipita hapa.* Tuseme tunalinganisha pochi mbili za simu, A na B, kwa alama za kubuni. Mtandao wa mawakala tunaupa uzito 0.35, uhakika wa mfumo 0.25, bei 0.20, mikopo 0.20. A inapata 4, 3, 2 na 4. B inapata 2, 3, 4 na 2. Jumla: A 3.35, B 2.65. A iko mbali. Sasa badilisha jambo moja tu, useme wateja wa soko hili ni wafanyabiashara wadogo wanaouma kila senti ya makato, hivyo bei iwe 0.40 na mawakala 0.15. Alama usiziguse. A inashuka hadi 2.95, B inapanda hadi 3.05.

*Linapodanganya.* Umeshaona. Tarakimu mbili baada ya nukta zinampa msomaji imani kwamba kitu kimepimwa, kumbe uzito ulitoka kichwani mwa mtu. Ukikabidhiwa jedwali la namna hii na mshauri, usianze na jumla. Uliza uzito umetoka wapi. Wateja wakiwa hawakuulizwa, lirudishe.

Udanganyifu wa pili ni wa kuchagua wa kulinganishwa naye. Mwanzoni mwa 2014, jedwali la Kenya lingeandika Airtel Money, Orange Money na yuCash. Mwaka huo huo Equity, ambayo ni benki, ilipata leseni ya kutoa huduma za simu juu ya mtandao wa Airtel, na Equitel ikazaliwa. Afrika Kusini ilikuwa vivyo hivyo: washindani halisi wa M-Pesa hawakuwa kampuni nyingine za simu. Walikuwa kadi za benki na kaunta za maduka makubwa ya Shoprite, ambako mtu alikuwa akituma pesa huku akinunua sukari. Jaza safu ya washindani kwa kumuuliza mteja angefanya nini wewe usingekuwepo. Jibu lake mara nyingi halimo kwenye sekta yako.

*Linamfaa nani.* Aliye kwenye soko lenye washindani wachache wanaojulikana kwa majina: shule binafsi za wilaya moja, wauza maji ya chupa, mabasi ya njia moja. Meneja mauzo anayetaka kujua pa kukazia robo mwaka ijayo atalipenda kuliko mengine yote.

Uchague lipi, kulingana na hali yako

Biashara ina chini ya miaka miwili na vitabu bado vimechanganyika: fanya SWOT fupi yenye ushahidi, kisha jedwali dogo la washindani watatu kwa mambo manne. Mnyororo wa thamani uache mpaka utenganishe pesa. VRIO itakukatisha tamaa bure, kwa kuwa biashara changa nyingi hazina kitu adimu bado na hilo si kosa.

Unasindika au unatengeneza kitu, mauzo yapo, lakini benki hakubaki kitu: mnyororo wa thamani, hata kama utakula mwezi mzima. Hakuna kipimo kingine hapa kitakachokwambia ni ghala au ni mashine.

Unafungua tawi mkoa mwingine au nchi nyingine: VRIO, na kwa kila nguvu ongeza swali la tano, hii inavuka mpaka? Yanayobaki nyumbani yaandike kwa rangi nyingine. Kisha tengeneza jedwali la washindani la huko uendako, si la ulikotoka, na mtu wa kujaza uzito awe wa huko.

Unachambua kampuni kwa ajili ya kununua hisa zake: anza na hesabu zao za miaka mitano, ndipo VRIO iseme kama faida hiyo ina kinga. Soma kwa makini sehemu ya ripoti inayotaja hatari za kisheria. Ndiyo SWOT yako ya nje, wameshakuandikia. Mnyororo wa thamani ukiwa nje ya kampuni huwezi kuufanya vizuri, gharama za kila hatua hawatakupa.

Wewe ni afisa mikopo na una jioni moja kabla ya kamati: jedwali la washindani kwa mambo matatu, ukizungumza kwa simu na wateja wawili wa mwombaji na msambazaji mmoja. Yeye mwenyewe akikuletea SWOT, isome, halafu muulize "kuliko nani?" kwenye kila mstari wa nguvu.

Ni mwanafunzi na mwalimu ametaka "uchambuzi wa ndani": VRIO pamoja na mnyororo wa thamani ndivyo vya ndani hasa. SWOT ina nusu yake nje, jedwali la washindani liko nje karibu lote. Chagua kampuni yenye ripoti za wazi, la sivyo utajaza visanduku kwa kubuni na utajulikana.

Na kama bodi imeshaamua, na inachotaka ni karatasi ya kuhalalisha uamuzi, basi kipimo chochote kati ya hivi vinne kitatoa jibu wanalolitaka. Jedwali la washindani ndilo litakalolitoa haraka zaidi, maana kinachohitajika ni kusogeza uzito kidogo.